Sarakasi kuanzia chini: mwongozo kamili wa kujifunza kuanguka, kusimama kwa mikono, kuruka na kupandana

Jioni ambazo maji yametoka, ufukwe wetu wa Kigamboni hujaa watoto. Mmoja amefukia tairi kuukuu nusu mchangani, wenzake wamepanga foleni, na kila anayefikiwa na zamu analikanyaga kwa miguu miwili, anarushwa juu, anapinduka, anatua. Wapita njia husimama kuwatazama walio hewani. Mimi huwatazama waliosimama pembeni. Nikiona hakuna hata mmoja aliyesogea karibu na mikono tayari kumdaka mwenzake, moyo wangu hautulii mpaka giza liingie na wote warudi makwao kwa miguu yao.

Nilipokuwa kijana, kikundi chetu kilikuwa kikijenga mnara wa watu watatu. Mimi nilikuwa wa chini. Kuna mtu aliniita jina kutoka pembeni, nikageuza kichwa, mabega yakafuata kichwa, na mwenzangu wa juu kabisa akaanguka akijikinga kwa mkono ulionyooka. Mfupa ukavunjika, juu kidogo ya kiganja. Alipona na akarudi kuruka. Ila tangu siku ile, kila mwanafunzi anayekuja kwangu naanza naye na mambo mawili: namna ya kufika chini salama, na namna ya kumshika mwenzake. Mwongozo huu umefuata mpangilio huohuo. Kama umekuja kutafuta namna ya kupinduka hewani, utaikuta hapa, ila imekaa mahali pake, baada ya mambo yanayoilinda.

Magazeti yetu hupenda kuandika "sarakasi za kisiasa" wabunge wanapozomeana. Sijawahi kuupenda msemo huo. Sarakasi ni kazi ya utaratibu kuliko nyingi ninazozijua: kila mtu anajua mguu wake unakwenda wapi, nani anahesabu, nani anashuka kwanza.

Mahali pa mazoezi

Mchanga ndio ukumbi wa maskini, na ni ukumbi mzuri ukiujua. Mchanga mkavu uliolegea unameza mguu na kuupinda. Ule wa karibu na maji, uliolowa na kushikana, ni mgumu sana kwa kutulia lakini mzuri kwa kurukia. Kwa hiyo sisi tunakuja na jembe. Tunalima eneo la kutulia, hatua tatu kwa tatu, kina cha kiganja, tunalisawazisha kwa reki, kisha tunarukia kwenye mgumu na kutua kwenye uliolimwa. Reki ina kazi ya pili: kuokota vipande vya chupa, makombe, miiba ya samaki na ndoano. Usimwachie mtoto kazi hii peke yake. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, pwani yetu hii maji hujaa alasiri na kula ufukwe wote, hivyo mazoezi tunayahamishia asubuhi, kuanzia saa tatu au nne, kabla jua halijawa kali.

Kama uko bara, nyasi zilizokatwa zinatosha kwa kuanzia, na magodoro ya sponji yanafaa kwa kutulia. Ukiweka mawili sambamba, yafunge kwa kamba au yashone pamoja, kwa sababu pengo la katikati ndilo linalonasa mguu. Kwa kazi ya mikono godoro laini halifai kabisa: kiganja kinazama na kifundo kinakunjika kupita kiasi. Hapo tumia mkeka juu ya sakafu au ardhi ngumu iliyo sawa.

Vua bangili, cheni, hereni na saa. Kata kucha. Chomeka tisheti, la sivyo itakufunika uso ukiwa kichwa chini na hutaona unakotua. Wasichana wenye nywele ndefu wasifunge fundo kisogoni, maana ndipo mwili unapopita wakati wa kubiringika. Wafunge chini ya shingo au wasuke mistari. Anayevaa mtandio achomeke ncha zake ndani na asitumie pini. Mle angalau saa mbili kabla, na maji yawepo karibu.

Kupasha mwili moto

Dakika 15, bila kukatisha. Kimbia polepole, ruka kamba, zungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Kisha nenda kwenye vifundo vya mikono, ambavyo wanaoanza huvisahau kisha huviuguza wiki nzima. Piga magoti, weka viganja chini vidole vikielekea mbele, sogeza mabega mbele na nyuma mara 10. Geuza vidole vielekee magotini, rudi nyuma taratibu mpaka uhisi kuvutwa sehemu ya ndani ya mkono, mara 10 tena. Maliza kwa kuinua viganja huku vidole vikibaki chini, mara 20. Mikono haikuumbwa kubeba mwili mzima, kwa hiyo lazima ifundishwe taratibu.

Kujinyoosha kwa muda mrefu, kama kupasua miguu (kuitanua mpaka mapaja yalale chini) au kupiga daraja (kupinda mgongo nyuma, viganja na nyayo vikiwa chini), kuache mwisho wa mazoezi, misuli ikiwa na joto na hutaki tena kuruka.

Hatua ya kwanza: jifunze kuanguka

Wiki mbili za kwanza mwanafunzi wangu haruki chochote. Wengine hukasirika. Mama mmoja alinifuata akaniambia, "Mwalimu, mwanangu anasema huku kwako wanafundishwa kulala tu." Nikamkaribisha akae atazame. Alipoona watoto 12 wanajiangusha nyuma kwa mpigo mmoja na kuinuka wote wakicheka, hakuuliza tena.

Kuanguka nyuma: chuchumaa, kidevu kiguse kifua, mgongo uviringe kama ganda la kobe. Jiachie nyuma, na mgongo unapogusa chini, piga ardhi kwa mikono yote miwili pembeni ya mwili, viganja chini. Kipigo hicho kinatawanya uzito. Kosa linalovunja watu ni kutupa mkono nyuma, kiwiko kikiwa kimenyooka, kujaribu kuizuia ardhi. Rudia mpaka mwili usahau tabia hiyo, kisha anza kutokea wima.

Kubiringika mbele, au kichwangomba kama tulivyokiita utotoni: chuchumaa, viganja chini upana wa mabega, kidevu kifuani, inua makalio, sukuma kwa miguu. Kinachogusa chini kwanza baada ya mikono ni sehemu ya juu ya mgongo, kati ya mabega. Utosi haubebi kitu. Nina njia moja ya kupima: nampa mtoto leso ndogo aibane kati ya kidevu na kifua. Ikidondoka katikati, shingo imefunguka, na tunarudi mwanzo.

Kubiringika kwa bega ndiko kutakuokoa siku mambo yakiharibika hewani. Unaingia kwa bega moja, mwili unapita mgongoni kimshazari mpaka nyonga ya upande wa pili. Jifunze pande zote mbili, maana hutachagua utaangukia upande gani.

Mwisho, kutua kwa miguu. Ruka kutoka juu ya kreti ya soda. Vidole na nyama ya mbele ya unyayo vitangulie, visigino vifuate, magoti yakunjike yakielekea usawa wa vidole vya miguu. Wasichana wengi na wavulana wanaokua haraka, magoti yao hukimbilia ndani wakitua. Mwambie mwenzako akuangalie kwa mbele. Kisha sikiliza. Mtuo mzuri hauna kishindo.

Umbo la mtumbwi

Hili ni zoezi moja tu, halina uzuri wowote wa kuonyesha, na ndilo linalobeba mengine yote. Lala chali. Kandamiza sehemu ya chini ya mgongo mpaka hata kipande cha karatasi kisipite. Inua mabega na miguu kidogo, mikono imenyooka kando ya masikio, makalio yamebanwa. Umekuwa mtumbwi. Kaa hivyo sekunde 15, pumzika, rudia mara nne. Ukiweza sekunde 40 bila mgongo kuinuka, mwambie mwenzako akutikise mbele na nyuma. Mwili wote utembee kama kipande kimoja.

Sababu yake utaielewa ukimbeba mtoto aliyelala usingizi. Uzito wake ni uleule wa mchana, lakini mikono inakufa ganzi, kwa sababu amelegea. Mtu wa juu aliyelegea humtesa wa chini namna hiyohiyo, na akiwa peke yake kichwa chini, mwili wake hupinda pasipotakiwa.

Kusimama kwa mikono

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo sarakasi inapoanza kukujibu.

Watu wengi hujifunza kwa kupiga teke na kuegemeza visigino ukutani, mgongo ukielekea ukuta. Utasimama, ndiyo, lakini mgongo utapinda kama ndizi na tabia hiyo ni ngumu kuifuta. Geuka. Anza kwa kulala kama wa pushapu, nyayo zikigusa ukuta. Pandisha miguu ukutani hatua kwa hatua huku mikono ikirudi nyuma, mpaka kifua kiuelekee ukuta na viganja viwe kama sentimita 20 kutoka ukutani. Sukuma ardhi mpaka mabega yaguse masikio. Bana makalio, rudisha umbo la mtumbwi, nyoosha vidole vya miguu. Macho yatazame kati ya vidole gumba, bila kuinua kichwa chote.

Anza na sekunde 10. Ongeza kidogo kila wiki mpaka ufikie dakika moja. Na hili ni muhimu kuliko sekunde: shuka ukiwa bado na nguvu. Anayesubiri mpaka mikono itetemeke hana tena nguvu za kutembeza miguu kurudi chini, naye huporomoka.

Kabla hujauacha ukuta, jifunze kutoka. Ukiwa juu, sogeza mkono mmoja mbele kidogo, geuza nyonga, shusha mguu mmoja pembeni kisha wa pili. Fanya hivyo mara 20 upande wa kulia na 20 wa kushoto, katika siku kadhaa. Woga wa kusimama kwa mikono karibu wote ni woga wa kupitiliza na kuanguka chali. Mwanafunzi akishajua mlango wa kutokea, woga unapungua, na mara nyingi anasimama vizuri siku hiyohiyo.

Sasa njoo katikati ya uwanja. Mshikaji asimame pembeni yako, si mbele ambako kisigino chako kitampiga usoni, na ashike paja au nyonga, si miguu. Kazi yake ni kukurudisha katikati na kuachia, na si kukuning'iniza. Wewe tumia vidole. Tanua vidole, kunja kidogo vifundo vyake vya kati kama unataka kuikwangua ardhi. Miguu ikitaka kupitiliza upande wa mgongo, bonyeza ncha za vidole kwa nguvu, nayo itarudi. Ikitaka kurudi ulikotoka, hamishia uzito sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo, na ufungue mabega zaidi. Vidole ndiyo breki, na utazihisi zikifanya kazi kabla hujaona chochote.

Wanafunzi wangu wanaokuja mara nne kwa wiki huchukua miezi mitatu hadi sita kufika sekunde 10 bila ukuta. Anayekuja mara moja kwa wiki anaweza asifike kabisa. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Gurudumu na mruko wa kugeuka

Chora mstari mchangani. Mguu, mkono, mkono, mguu, mguu: vyote vitue juu ya mstari, kimoja baada ya kingine, mwili ukipita juu kama gurudumu lililosimama. Ukimaliza, rudi uangalie alama zako. Mchanga hauna upendeleo: kama nyayo zako zimetoka nje ya mstari, mwili wako haukupita juu, ulipita pembeni kwa nyonga zilizokunjwa.

Likishanyooka, ongeza kitu kimoja. Mkono wa pili unapogusa, geuza kiganja kidogo kwa ndani, kusanya miguu hewani, na utue kwa miguu yote miwili kwa pamoja ukitazama ulikotoka. Huo ni mruko wa kugeuka, na ndio unaobadili mbio za kwenda mbele kuwa nguvu ya kurudi nyuma. Misururu yote mirefu ya kuruka nyuma unayoiona jukwaani huanzia hapo.

Kupinduka nyuma hewani

Usianze kama bado hubiringiki nyuma vizuri, hutui kimya, na hushiki mtumbwi sekunde 40.

Simama wima, mikono juu, ruka juu kabisa na utue kwenye nyayo zako zilezile. Mara 20. Anayetua nyuma ya alama zake anajitupa nyuma, na atakayejitupa nyuma hatapata kimo cha kupinduka. Kisha lala chali, mikono imenyooka nyuma ya kichwa, na kwa ghafla leta magoti kifuani. Magoti ndiyo yanayokuja. Kifua hakishuki kuyafuata. Ukichanganya hayo mawili, umepata mpinduko wote: kwanza juu, kisha magoti.

Sasa washikaji wawili, mmoja kila upande. Kila mmoja mkono wa karibu ukae sehemu ya chini ya mgongo wako kabla hujaruka, na wa pili uingie nyuma ya paja ukishaondoka. Wao wanainua na kuzungusha, hawasukumi. Rudia siku nyingi mpaka wakwambie hawahisi tena uzito wako. Kisha mshikaji mmoja. Kisha mmoja aliyesimama karibu bila kugusa. Usikimbie hatua hata moja kwa sababu rafiki anarekodi kwa simu.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kutupa kichwa nyuma mapema, kunakoua kimo. Tazama mbele mpaka miguu imeacha ardhi. La pili ni kughairi hewani. Mwili uliokwisha kuondoka nyuma ukifunguliwa nusu ya njia hutua kwa shingo. Ukiamua, kunja na ushike magoti mpaka uione ardhi. Ukiwa na shaka, ghairi ukiwa bado chini, na mwalimu anayekucheka kwa hilo mhame.

Na tairi? Tairi liwe la mwisho. Linaongeza kimo, lakini pia hurusha kombo ukilikanyaga pembeni. Nakubali mtu alitumie akishapinduka mara 10 mfululizo kwenye mchanga tambarare bila kushikwa. Likague kila siku: nyaya za chuma zilizochomoza, mpira uliolowa, mchanga uliolegea chini yake.

Kupandana

Tanzania na Kenya zinajulikana duniani kwa hili. Miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China wakasomee sarakasi, nao waliporudi ndipo kikundi cha taifa kilipoundwa. Elimu ile ikaendelea kupita mkono kwa mkono, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nairobi, Sarakasi Trust, shirika linalokuza wanasarakasi, ilianzishwa mwaka 2001 na makao yake yako Ngara, kwenye jengo lililokuwa sinema ya Shan. Vijana wengi waliojifunza juu ya mchanga na kwenye viwanja vya mitaa leo wanalipwa kwa kazi hii Ulaya na Asia.

Kanuni za kupandana ni hizi, na hazina mzaha. Anayehesabu ni mmoja tu, na kwa kawaida ni wa chini, kwa kuwa ndiye anayejua kama yuko tayari. Maneno ni machache na hayabadiliki: "tayari", "panda", "simama", "shuka". Mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema "shuka", wote wanashuka bila kuuliza sababu. Mikono ishikane kifundo kwa kifundo, kila mmoja akikamata mkono wa mwenzake juu ya kiganja, maana vidole vyenye jasho huteleza.

Anza na meza. Wa chini apige magoti na kuweka viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, mgongo umenyooka, viwiko havijafungwa kupita kiasi. Wa juu aweke magoti au nyayo zake sehemu mbili tu: juu ya nyonga, na juu ya mabega. Katikati ya mgongo hapakanyagwi kamwe, hapana nguzo chini yake. Ukipanga watatu chini, wawili juu yao, na mmoja kileleni, umepata piramidi ya watu sita. Wazito na wenye mabega mapana wakae chini, katikati akiwa mwenye nguvu zaidi, kwa sababu yeye hubeba nusu ya kila mmoja wa wawili walio juu yake. Kushuka kunaanza na wa kileleni, mmojammoja. Mtindo wa wote kunyoosha mikono na kuporomoka kwa pamoja ili watu washangilie, kwa wanaoanza naukataza kabisa. Nimeona meno yakivunjika.

Kisha mapajani. Wa chini achuchumae nusu kama aliyekaa kwenye kiti, miguu imetanuka. Wa juu anapanda kwa mbele, wakitazamana, anaweka nyayo juu ya mapaja karibu na nyonga, si karibu na magoti. Wanashikana vifundo, kisha wote wawili wanaegemea nyuma mpaka mikono inyooke. Hapa hakuna anayembeba mwenzake kwa nguvu, wanasawazishana. Ndiyo maana msichana wa kilo 40 anaweza kumshika mwenye kilo 55, na kumwona akigundua hilo ni moja ya furaha za kazi yangu.

Mabegani kuna kazi zaidi. Wa chini atanue miguu kupita kidogo upana wa mabega, akunje goti moja. Wa juu akiwa nyuma yake, wakishikana mikono juu, anaweka mguu mmoja kwenye paja lililokunjwa, wa pili begani, na anasimama kwa kusukuma mikono ya wa chini kuelekea ardhini. Nyayo zikae karibu na shingo, visigino vikikaribiana, mifupa ya mbele ya miguu ikibana kisogo cha mwenzake. Wa chini akishaachia mikono, ashike nyuma ya miguu, chini kidogo ya magoti, na avute chini. Wanaoanza huogopa kuvuta, wanadhani watamwangusha. Kinyume chake, mvuto huo ndio unaowafunga pamoja. Usawa ni kazi ya wa chini. Wa juu anayejaribu kujisawazisha mwenyewe kwa kuchezesha nyonga anamwondolea mwenzake njia ya kumsaidia. Yeye abaki mtumbwi, amwachie wa chini asogeze miguu. Wa chini atazame kitu kimoja kisichosogea, usawa wa macho. Hata akiitwa jina.

Kushuka ni mbele. Wanashikana tena mikono, wa juu anaruka kidogo mbele huku mikono ya wa chini ikimpunguzia kasi, anatua kwa magoti yaliyokunjika. Mshikaji mmoja awe mbele na mmoja nyuma mpaka mmefanya hivyo mara nyingi bila kuhitaji msaada.

Kichwa kwa kichwa: usiige

Tangu Ramadhani Brothers, Fadhili na Ibrahim, wafike fainali za America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2023 na kushinda toleo la Fantasy League mwaka 2024, kila wiki naulizwa na watoto lini nitawafundisha kusimama utosi juu ya utosi. Nilifurahi nao kama Mtanzania yeyote, nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini jibu langu ni kwamba kile kinachoonekana dakika tatu ni miaka ya maandalizi ya shingo, kidogo kidogo, na wa chini anafanya kazi kubwa zaidi kuliko kamera inavyoonyesha: kila mtikisiko wa mwenzake anaupokea kwenye uti wa shingo na kuusahihisha kwa miguu. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua asiwekewe uzito wa mtu kichwani, hata kwa sekunde moja, hata mwenzake akiwa mdogo. Hili sina mjadala nalo.

Mtu akiumia

Akianguka kwa kichwa au shingo, usimwinue, usimkalishe, usimpe maji. Mwambie asitikisike, mtu mmoja ashike kichwa chake kilivyo, mwingine aite msaada. Akisema mikono au miguu ina ganzi au haisikii, hilo ni jambo la hospitali mara moja, na abebwe na wanaojua kumbeba. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa, akapoteza fahamu hata kidogo au akasinzia kusiko kawaida, naye aende hospitali hata kama baadaye anasema yuko sawa.

Mguu ukiteguka, acha mazoezi, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bendeji bila kubana sana, inua mguu juu. Usikubali kukandwa kwa nguvu siku hiyohiyo, kunaongeza uvimbe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apigwe picha ya mfupa. Na maumivu ya kifundo cha mkono yanayorudi kila siku kwa mtoto ni sababu ya kupumzisha mikono wiki kadhaa.

Onyesho la kwanza

Likikaribia, nenda ukumbini siku moja kabla. Pima kimo cha dari kwa kumpandisha mtu mabegani na mikono juu, angalia feni na taa. Kanyaga jukwaa lote usikie mbao zilizolegea. Kama ni vigae, omba zulia au mkeka wa kubandika, kwa sababu jasho na vigae havielewani. Nguo za onyesho zivaliwe mazoezini angalau mara tatu. Kitambaa kinachong'aa huteleza mkononi, na mwenzako lazima aijue hali hiyo kabla ya watu kujaa. Ondoa tendo mnalolipata mara saba tu kati ya kumi, libaki mazoezini. Muziki ukiwa mkubwa, sauti ya wa chini haitasikika, hivyo kubalianeni ishara: sisi tunabana mkono mara moja kwa "panda", mara mbili kwa "shuka".

Mwishoni, makofi yakianza, piramidi bado imesimama na kila mtu anatamani kuinama kushukuru. Msifanye hivyo bado. Wa kileleni ashuke kwanza, kisha wa pili, kila mmoja atue na kusogea pembeni, na wa chini awe wa mwisho kuachia mkono.